Kamera ikilala kwa mwizi

Kwa Mhariri,

Lawama ni ile ile kila tamthilia mpya inaposhika mji. Barazani Kibokoni utaisikia, na katika kurasa za barua utaisoma: vijana wanamshangilia jambazi, wanamlilia muuza unga akikamatwa, basi maadili yamekwisha. Sisi kazi yetu ni kusoma na kusahihisha miswada ya tamthilia kabla haijapigwa picha, na tunaomba nafasi tuipinge nusu ya lawama hiyo. Kwamba wanashangilia, ni kweli. Wanashangilia kwa sababu wamepelekwa hapo hatua kwa hatua, kwa dakika zilizohesabiwa, na mtu akionyeshwa hatua zenyewe mara moja ataziona siku nyingine bila kushikwa mkono.

Tuanze na kisa cha kabla ya televisheni. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema sufuria imezaa. Jirani akapokea vyote viwili, kimya. Mara ya pili Abunuwasi akaazima tena, asirudishe. Alipodaiwa akasema sufuria imekufa. Watoto wa pwani wamecheka hapo vizazi na vizazi, na hatujasikia bibi aliyeogopa kwamba wajukuu watatoka hapo wakaibe vyombo. Lakini ule ni wizi. Kinachoufanya uchekeshe ni kisufuria. Jirani alikubali kwamba chombo huzaa kwa kuwa faida ilikuwa yake, kwa hiyo siku chombo kilipokufa hakuwa na pa kusemea. Mwibiwa ametiwa doa kabla hajaibiwa. Kiondoe kisufuria, uache mengine yote kama yalivyo, na kilichobaki ni jirani mbaya aliyedhulumu jirani mwema. Hakuna atakayecheka.

Kwa hiyo wanaosema kumpenda mhalifu ni ugonjwa ulioletwa na dishi la setilaiti wamesahau Abunuwasi, na wamemsahau sungura anayemwibia fisi kila usiku. Kilicholetwa na televisheni ni urefu, na uso wa mtu uliokuzwa ukajaa ukuta mzima. Hayo mawili yanabadili mambo sana, na tutayarudia.

Katika vibanda vya video vya Majengo na Kongowea maneno ya kazi hii yako tayari: steringi na adui. Steringi ndiye picha inayeanza naye na kumaliza naye. Hakuna aliyesema lazima awe mtu mwema. Madijei wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili wanalijua hilo vizuri: dakika ya kwanza wanambandika mmoja jina la utani la kupendeza na mwingine wanamwita adui, na banda zima limeshachagua upande kabla yeyote hajafanya jambo. Mwanazuoni Murray Smith, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu watazamaji na wahusika wa filamu, alitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kumfuata mhusika, yaani kuwa pamoja naye na kujua anachokijua, na kuwa upande wake, yaani kumtakia heri. La kwanza si la pili, lakini la kwanza ndilo mlango wa la pili. Mwandishi stadi hakuombi umpende mwizi. Anakuomba ufuatane naye tu, akijua kwamba ukifuatana na mtu muda wa kutosha utaanza kuona aibu zake kama zako.

Mfano mwepesi kuliko yote uko katika filamu ya Alfred Hitchcock ya 1960, Psycho. Mwanamke ameuawa katika nyumba ya wageni. Kijana mwenye nyumba anasafisha damu, anaiweka maiti ndani ya gari pamoja na dola 40,000 ambazo yeye mwenyewe hajui kama zimo, analisukuma gari kwenye kinamasi. Gari linazama, linazama, kisha linasita. Paa liko juu ya tope. Kijana anatazama huku na huku. Na mtazamaji, ambaye dakika chache nyuma alikuwa na huyo mwanamke, anabana pumzi akiomba gari lizame. Hakuna hotuba iliyomshawishi. Kilichomhamisha ni kazi: ameonyeshwa mtu akifagia, akifuta, akikusanya, kwa utulivu na kwa muda mrefu, na kazi iliyoanzwa inataka kumalizwa. Kamera ilipomwacha marehemu na kubaki na msafishaji, huruma ilimfuata msafishaji.

Sasa tuingie kwenye tamthilia ambayo hata wasioipenda wameisikia, Breaking Bad ya Vince Gilligan, iliyorushwa Marekani kuanzia 2008 hadi 2013, misimu 5, sehemu 62. Mwalimu wa kemia anageuka mpishi wa dawa za kulevya, kisha muuaji. Watu huizungumza kana kwamba mwalimu Walter White aliharibika polepole nasi tukaharibika pamoja naye. Ukiifungua kama fundi saa utakuta vyuma vidogo vidogo, kila kimoja na kazi yake.

Sehemu ya kwanza kabisa. Ametimiza miaka 50. Mkewe amempangia vipande vya nyama bandia juu ya mayai viwe namba 50. Darasani wanafunzi hawamsikilizi. Jioni ana kazi ya pili kwenye duka la kuosha magari, na gari analopigia magoti kusugua magurudumu ni la mwanafunzi wake. Anaanguka, anapelekwa hospitali, anaambiwa ni saratani ya mapafu isiyoweza kupasuliwa. Dukani vijana wanamcheka mwanawe mlemavu, naye anamkanyaga mguu mmoja wao. Hesabu: amedhalilishwa darasani, amedhalilishwa kwenye kazi ya jioni, amehukumiwa kufa, amemtetea mtoto. Hayo yote yamemiminwa ndani ya saa moja. Na kabla ya yote hayo, katika dakika za mwanzo, tumeshamwona katikati ya jangwa akiwa na shati na suruali ya ndani tu, akijirekodi kuwaaga mke na mtoto. Mpangilio huo wa mbele na nyuma si madoido. Umetuwekea mapenzi yake kwa familia mbele ya uhalifu wake, kwa sababu sababu ikija baada ya kosa husikika kama kisingizio.

Mombasa hapo hapahitaji kutafsiriwa. Mwalimu mwenye bili ya hospitali asiyoiweza, nani hapa hajachangia wa aina hiyo mwezi huu? Ndiyo maana mwalimu huyu wa mji wa Albuquerque, Marekani, alieleweka haraka Kisauni na Likoni. Lakini angalia jambo ambalo wengi walioitazama tamthilia hiyo hadi mwisho wamelisahau. Katika sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza, rafiki yake wa zamani, tajiri, anamwahidi kazi na bima itakayolipia matibabu. Anakataa. Kiburi. Kuanzia hapo ile sababu ya bili imekufa, na sehemu 57 zimebaki. Mtazamaji anaendelea kuitumia sababu iliyokufa kumtetea, naye mwenyewe Walter anaendelea kuitamka, hadi sehemu ya mwisho, Septemba 2013, anapomkiri mkewe kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe na kwamba alikuwa akipenda. Ukipenda chongo utaita kengeza. Hapa tuliita kengeza miaka mitano.

Kuna chuma kingine katika sehemu ya 3 ambacho tunawashauri waandishi chipukizi wakisome mara kumi. Walter amemfunga mtu kwenye chumba cha chini ya nyumba na hajui amuue au amwachilie. Anachukua karatasi, anachora mstari katikati, upande mmoja anaandika sababu za kumwachilia, upande wa pili sababu za kumuua. Upande wa kwanza una mistari mingi mizuri ya dini na utu. Upande wa pili una moja: ataiua familia yako. Kisha anampelekea mfungwa chakula, wanazungumza, mwalimu anaelekea kabisa kumfungulia. Halafu anaokota vipande vya sahani iliyovunjika na kuviunganisha, na kipande kimoja chenye ncha hakipo. Mfungwa amekificha. Sasa kuua kumekuwa kujikinga. Mwandishi amempa mtazamaji mahakama nzima, mashahidi wa pande zote, na mwisho akamfichia mshtakiwa kisu. Ule mstari katikati ya karatasi haukuchorwa kwa ajili ya Walter.

Karibu na mwisho wa msimu wa pili anasimama kando ya kitanda, msichana, mpenzi wa kijana anayeshirikiana naye, anakabwa na matapishi kwa sababu ya heroini, na yeye anauzuia mkono wake mwenyewe usimgeuze. Kifo hicho nacho kimepangwa: msichana alikuwa akimtishia kumtoboa siri, na Walter anaonyeshwa akilia. Machozi ya muuaji yana thamani kubwa sokoni. Kisha msimu wa nne mtoto anapewa sumu ya mmea. Kati ya karatasi yenye mstari na mmea ule kuna zaidi ya sehemu 40. Ondoa zile za katikati, mpe mtu asiyeijua hadithi kipande cha kwanza na hicho cha mtoto tu, atakuambia huyu ni shetani. Mazoea yana taabu, na ndiyo yanayofanya kazi hapa: kila hatua ni ndogo kidogo kuliko ile ambayo ingemfanya mtazamaji azime televisheni, na kila adui anayekuja ni mbaya kuliko aliyepita, ili mizani isipinduke.

Tufanye hesabu hiyo kwa kitu cha kwetu, maana mifano ya Marekani ina hatari ya kutufanya tudhani ni uganga wa huko. Tuseme kuna tamthilia ya dalali wa viwanja wa Mtwapa anayeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Sehemu moja ina dakika 24 bila matangazo, na kwa desturi ya kazi hii ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya picha, kwa hiyo tuna kurasa 24. Kurasa 3 za kwanza ziwe safi bila uhalifu. Bintiye karudishwa nyumbani kwa karo. Yeye kaenda kudai kamisheni kwa tajiri wa Nyali ambaye dalali alimtafutia nyumba, kawekwa getini juani, askari anaambiwa kwa simu aseme bosi hayupo, na hapo hapo gari la bosi linatoka likimrushia vumbi. Mtazamaji ameshaanza kudai deni lile kwa niaba yake. Ukurasa wa 8, tajiri yule yule sasa anataka kiwanja, cha bei ya kutupa, na anajua kabisa kwamba bei hiyo haina uhalali. Dalali anamuuzia ardhi isiyo yake. Kongowea watapiga makofi, na makofi hayo ni yale ya Abunuwasi: tajiri amekipokea kisufuria.

Sehemu ya 4, mnunuzi wa pili si mwema wala mbaya. Anaongea haraka, hatumjui jina. Sehemu ya 9, mjane. Hapo ndipo penye giza la ufundi. Mjane anapewa sekunde 20, kapigwa picha kwa mgongoni, buibui na mkono unaohesabu noti, na kabla hajamaliza kuhesabu simu ya dalali inalia: hospitali, bintiye kazidiwa. Kamera inatoka mbio na baba. Mjane anabaki ofisini na risiti yake, nje ya picha, na hakuna aliyemwona akienda.

Makosa yanayoharibu mpango huo ni machache na yanajulikana. La kwanza ni kumleta mjane mapema. Akiwa yeye ndiye mwibiwa wa kwanza, hata ukimuuguza binti sehemu kumi mfululizo, dalali hatapendwa tena. La pili ni kumpa dalali maneno. Akisema kwa kinywa chake kwamba anafanya yote kwa ajili ya mwanawe, mtazamaji anageuka wakili wa upande wa pili papo hapo. Akionekana kimya anashona mfuko wa begi la shule usiku, hakuna anayemhoji. La tatu, ambalo tamthilia zetu za pwani zinalirudia kila mwaka, ni mhalifu asiyefanya kazi. Ana gari kubwa, ana walinzi, anacheka peke yake sebuleni, na fedha zimetoka hewani. Mtu hampendi mwizi wa aina hiyo, na si kwa uadilifu, bali kwa kuchoka. Watu wanapenda kumwona mjuzi kazini. Muda ule wa Walter akipima, akichuja, akikasirikia chupa chafu umemfanyia hisani kubwa kuliko saratani.

Kwenye mipango ya wahusika kuna kanuni ya zamani ambayo haijawahi kutuangusha: mpango ukielezwa mbele ya watazamaji, lazima uharibike, ukifichwa, lazima ufaulu. Ukiuvunja mpangilio huo, mtazamaji anaona jambo moja mara mbili. Lakini kanuni hiyo ina faida ya pembeni. Mpango unapoharibika mbele ya macho ya mtu aliyeujua, mtu huyo anahangaika kutafuta njia ya kuuokoa. Ameshakuwa mshirika, kakaa na wezi mezani.

Tulisema mjane anakatwa kwa ufundi, lakini tuseme na ukweli wa bajeti. Nyumba ya mwibiwa ni mahali pengine pa kupigia picha, na inataka mwigizaji mpya, usafiri, taa, pengine siku nzima ya kazi kwa dakika moja na nusu ya picha. Nyumba ya mhalifu ipo tayari, imeshalipiwa, waigizaji wake wana mkataba. Mtayarishaji akitaka kupunguza gharama, anayepunguzwa wa kwanza ni mwibiwa. Kwa hiyo mara nyingi upande wa huruma umeamuliwa na mhasibu, si na mwandishi. Hilo halisemwi sana.

Aliyetajwa kidogo mpaka hapa ni mke, naye anastahili nafasi yake. Agosti 2013 Anna Gunn, aliyeigiza mke wa Walter, aliandika katika New York Times juu ya chuki aliyokuwa akipewa mhusika wake, chuki iliyovuka hadi kwake mwenyewe. Kosa la mhusika huyo lilikuwa nini? Kuuliza mumewe yuko wapi, fedha zimetoka wapi, na kukataa watoto wakae na mtu wa aina hiyo. Muuaji akapendwa, muulizaji akachukiwa. Wengi walilieleza kwa kusema wanaume hawapendi mwanamke jasiri, na hilo lina ukweli wake, lakini kuna sababu ya kifundi iliyo chini yake. Mtazamaji amekaa ili hadithi iende. Yeyote anayeisimamisha ni kikwazo, awe na haki au asiwe nayo, na mke mwenye busara ndiye anayeisimamisha kila sehemu. Polisi naye huisimamisha, ila polisi ana bastola na gari, kwa hiyo akija kunatokea jambo. Mke anakuja na swali. Katika tamthilia za huku jambo hili liko wazi zaidi, maana mke huyo anaandikiwa kelele tupu. Hana kazi anayoijua, hana siri, hana mpango. Mpe mpango wake mmoja uliofichwa na ufaulu, na utaona shangazi zetu wakihama upande kwa sehemu mbili.

The Sopranos, ya David Chase, 1999 hadi 2007, ilikwenda mbali kuliko nyingine kwa sababu ilimgeukia mtazamaji mwenyewe. Katika sehemu yake ya 5 Tony, baba na mkuu wa genge, anampeleka binti yake kutazama vyuo, na njiani anamwona msaliti wa zamani, anamnyonga kwa waya, kisha anarudi kumchukua binti. Wakubwa wa kituo walihofia watazamaji watamkimbia. Chase aliona kinyume chake, kwamba mkuu wa genge akimwacha msaliti aende, ndipo watu watakapomdharau. Watazamaji hawakukimbia. Na ndani ya sehemu hiyo hiyo msaliti anaonyeshwa akijaribu kukodi watu wamuue Tony. Ndicho kisufuria kingine hicho.

Miaka miwili baadaye, katika msimu wa tatu, daktari wa akili anayemtibu Tony anabakwa, na aliyemfanyia anaachiliwa kwa uzembe wa polisi. Daktari anajua kwamba neno moja tu kwa mgonjwa wake lingemmaliza mtu yule. Kila anayetazama anamsukuma aseme. Tony anamuuliza kama ana la kusema. Anajibu hapana, na skrini inakuwa nyeusi. Sehemu hiyo inaeleza zaidi ya vitabu vingi kwa nini watu wanamtaka mtu mbaya: pale sheria inapoonekana imeshindwa, mtu mbaya anakuwa ndiye mahakama iliyo karibu. Nchi ambayo watu wake wanaamini kesi ya kiwanja itawashinda umri haihitaji kufundishwa jambo hilo na Marekani. Dalali wetu wa Mtwapa akimdhulumu tajiri aliyemeza ardhi ya watu, makofi utakayoyasikia yana historia ndefu ndani yake, na mwandishi mjanja anayachota bila kuyalipia.

Wapo wanaojitetea kwa kusema: lakini mwishoni anakufa, au anafungwa, basi funzo limepatikana. Utetezi huo ulijaribiwa kwa miongo mitatu na zaidi. Kanuni za Hollywood za 1930, zilizoanza kubana kweli 1934 na kuachwa 1968, zilikataza huruma ya watazamaji isielekezwe kwenye uhalifu. Studio zilitii kwa namna yao. Jambazi alivaa vizuri, alisema vizuri, alipendwa na wanawake wazuri, kisha akapigwa risasi dakika chache kabla ya mwisho. Watu walitoka wakiiga kofia yake. Saa na robo ya kuishi kama mfalme haifutwi na dakika tano za kufa, na kifo chenyewe, kikipewa muziki, kinamwongezea heshima.

Bodi yetu ya uainishaji filamu, KFCB, nayo inapima vinavyoonekana: damu, matusi, mapenzi, dawa za kulevya, kisha inatia alama ya GE, PG, 16 au 18. Ni kazi inayohitajika na hatuibezi. Pia kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vituo vinatakiwa kurusha yanayofaa familia. Ila hakuna alama inayopima kamera imelala nyumbani kwa nani. Tamthilia isiyo na tone la damu wala tusi moja, inayomfuata tapeli kwa sehemu 50 bila kuingia nyumba ya tapeliwa hata mara moja, itapita kwa alama ya GE saa moja unusu jioni. Mzazi anayetaka kujua anachokitazama mwanawe hahitaji alama. Achukue karatasi, aandike majina ya wote walioumizwa katika sehemu hiyo, na mbele ya kila jina aandike sekunde ambazo mtu huyo alionekana peke yake, mhalifu akiwa hayupo. Kama safu ya pili ni sufuri tupu, ameujua mchezo. Watoto wa darasa la saba wanaliweza zoezi hilo, na wanalipenda, kwa sababu ni upelelezi.

Mji huu una sababu yake ya kulijali jambo hili. Unga tunaujua kwa sura. Agosti 2019 mahakama ya New York ilimhukumu mtu wa Mombasa miaka 25, na Januari 2020 nduguye miaka 23, katika kesi ya heroini na methamfetamini, dawa ile ile aliyokuwa akipika mwalimu wa Albuquerque. Kwa hiyo mtu aliyeruka mguu wa teja kando ya mtaro asubuhi akienda kazini, usiku anaomba polisi wasimfikie Walter White, na haoni kwamba habari ni moja. Haoni kwa sababu tamthilia haikumpeleka. Katika sehemu 62, moja tu ambayo tunaikumbuka sana, ya 6 katika msimu wa pili, inaingia na kukaa katika nyumba ya watumiaji wawili wenye mtoto mdogo mchafu, mwenye njaa, asiyesema. Na anayeingia ni Jesse, yule kijana mshirika, si Walter. Tangu siku hiyo Jesse ndiye watu wanayemtakia kupona. Aliyeona ndani ya nyumba alibadilika machoni petu, na aliyebaki nje akaendelea kuwa steringi. Sijui kama yuko mtu aliyeweza kuonyesha nguvu ya mlango mmoja kuliko hapo, mwenzangu anasema yupo Shylock, katika Mabepari wa Venisi ya Shakespeare aliyotutafsiria Mwalimu Nyerere mwaka 1969, adui wa mchezo mzima aliyepewa hotuba moja fupi ya kuuliza kama yeye hatoki damu akichomwa, na watu wakabishana juu yake hadi leo.

Hatuombi, basi, wahalifu waondolewe kwenye tamthilia zetu. Tamthilia ya watu wema watupu ni kama mchuzi bila chumvi, na kusema kweli wahalifu wetu wa pwani bado hawajaandikwa vizuri kiasi cha kutisha. Ombi letu kwa watayarishaji wanaopiga picha Mombasa ni la dakika moja na nusu, na tunajua bei yake. Sehemu ya 9, kamera isitoke mbio na dalali. Aende hospitali peke yake. Ibaki na mjane anapokunja risiti mara nne, aiweke kifuani, apande matatu ya kurudi Kongowea, amwambie makanga amrudishie chenji yake ya shilingi 20, afike nyumbani aitoe ile risiti amwonyeshe mwanawe, na mtoto aulize chumba chake kitakuwa upande gani. Kisha hadithi iendelee na dalali kama ilivyopangwa, ushindi wake wa sehemu ya 10 usiguswe hata neno. Mwelekezi atakayekubali apeleke sehemu hizo mbili kwenye kibanda cha video kabla ya kuzirusha, akae nyuma, asikilize makofi ya sehemu ya 10.

Wenu,
Wasahihishaji wawili wa miswada ya tamthilia,
Mji wa Kale, Mombasa